Ngazi Tatu

Maneno haya niliyasema jioni moja ya Desemba hapa Dodoma, mbele ya wazazi, walimu na vijana wa kikundi cha maigizo, muda mfupi kabla ya onyesho lao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Mgeni rasmi, wazazi, walimu wenzangu, wanangu wa kikundi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja: poleni na vumbi, na poleni na mvua iliyotutisha mchana ikapita. Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya mwigizaji kijana anayetumia kiti mwendo, ili watoto wanaopanda jukwaani leo wajue wana ndugu zao huko mbali. Nitamzungumzia. Lakini nikianza na yeye nitakuwa nimewaficha jambo, kwa sababu habari zake zilinikuta nikiwa na deni tayari. Niruhusuni nianze na deni.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji huu. Kidato cha pili alikuwepo binti aliyezaliwa na mgongo wazi. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Alikuwa na kiti mwendo cha msaada, kile cha chuma, kizito, kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya wodini, na njia yake ya kutoka bwenini hadi darasani ilikuwa mchanga mtupu. Mnaijua michanga yetu. Yale magurudumu madogo ya mbele yakiingia, yameingia. Wazee husimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema idodomya, amezama. Binti yule alizama hivyo kila asubuhi, na wenzake wawili wakamgeuza, wakamvuta kinyumenyume mpaka mlangoni.

Kwenye mazoezi ya maigizo hakuzama popote. Mwaka ule tulitunga igizo letu wenyewe kuhusu njaa ya Mtunya, ile iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kupita yakibeba nafaka, ng'ombe na vijana. Ndani yake alikuwemo mama mmoja aliyebaki na ng'ombe wa mwisho na watoto watatu, na jirani zake wanakuja usiku kumwomba amchinje. Nafasi ya mama yule ilikuwa ya binti yule. Hakuna aliyebishana. Alipotamka "Nendeni mkalale, kesho bado ipo," darasa zima lilikuwa linanyamaza, hata wale wakorofi wa nyuma.

Siku ya onyesho tulipelekwa kwenye ukumbi wa kuazima. Ukumbi mzuri, una feni, una pazia. Jukwaa lilikuwa na ngazi tatu.

Nikaita wavulana wanne wambebe na kiti chake. Akanishika mkono akasema, "Mwalimu, nikibebwa watu watatazama ninavyobebwa. Hawatanisikia." Mimi nikaona nina akili. Nikamweka msichana mwingine juu ya jukwaa afanye vitendo, kisha yeye nikampa maikrofoni chini, nyuma ya spika, aseme maneno. Onyesho likaenda vizuri sana. Watu walilia. Mwisho wakasimama kumpigia makofi yule aliyekuwa juu, na nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba nimetatua tatizo bila kumuumiza mtu.

Baada ya miaka kadhaa nilikutana naye pale soko la Majengo. Alikuwa wakala wa pesa za simu, ana meza yake na mwavuli wake, wateja wanamheshimu. Tukasalimiana, tukakumbushana walimu na majina ya utani. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Mwalimu, siku ile nilikuwa nimevaa vazi langu. Nililishona mwenyewe. Nilivaa sweta juu yake." Ndugu zangu, nilisimama pale mbele ya meza nikakosa neno. Binti alikwenda kusema maneno nyuma ya spika akiwa amevaa mavazi ya jukwaani, ndani ya sweta, kwa joto la ukumbi ule. Mpaka leo sijui niliyajibu nini.

Hilo ndilo deni. Sasa mgeni wetu.

Anaitwa Ali Stroker. Jina lisiwachanganye, Ali huyu ni mwanamke, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1987 katika jimbo la New Jersey. Akiwa na miaka 2 familia yake ilipata ajali ya gari, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo kuanzia kifuani kwenda chini mwili wake haumtii. Hakumbuki kutembea. Nalitaja hilo kwa sababu tukimwona mtu kwenye kiti mwendo huwa tunamwonea huruma kwa kitu alichopoteza, kumbe baadhi yao, kama yeye na kama binti yule wa kwangu, kiti ndicho mwendo wao wa kwanza na wa pekee wanaoujua. Mtoto huyo halii kwa sababu ya miguu. Analia akiachwa nje ya mchezo.

Yeye hakuachwa nje. Akiwa na miaka 7, likizo ya kiangazi, watoto wa jirani walitengeneza igizo la muziki uani na wakampa nafasi ya mhusika mkuu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Watoto wale hawakuwa na mafunzo wala semina. Walikuwa na ua, na uani huingii kwa kupanda. Mwigizaji mkubwa alianzia mahali ambapo kila mtu alikuwa usawa mmoja na ardhi.

Akakua akiimba. Hapa nataka waimbaji wa kwaya wanisikilize. Mnapofundishwa kuimba mnaambiwa pumzi itoke tumboni, misuli ya tumbo iisukume. Aliyepooza kuanzia kifuani misuli hiyo haimsaidii. Anachobaki nacho ni kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, ambao mishipa yake ya fahamu inatoka juu shingoni na kwa hiyo jeraha la mgongoni haliufikii. Mwanamke huyu ameijenga sauti yake juu ya pumzi inayofanya kazi hivyo, sauti ya kujaza ukumbi wa watu mia kadhaa. Mwalimu wa muziki akikwambia mtoto wako hawezi kuimba kwa sababu anakaa, mwambie akatafute maarifa zaidi.

Alisoma uigizaji katika shule ya sanaa ya Tisch, Chuo Kikuu cha New York, akawa mwanafunzi wa kwanza anayetumia kiti mwendo kuhitimu shahada ya uigizaji pale. Mwaka 2012 akashiriki shindano la televisheni la kutafuta vipaji, akafika fainali. Kisha mwaka 2015 akapanda jukwaa la Broadway. Broadway ni mtaa wa New York ambao majumba yake ya maigizo ndiyo kilele cha kazi hii huko Marekani, kama vile mchezaji wetu anavyoiota Kwa Mkapa. Katika historia yote ya majumba yale, yeye ndiye mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti mwendo kucheza humo. Kundi lililomchukua lilikuwa la Deaf West, wasanii wa Los Angeles wanaochanganya waigizaji viziwi na wanaosikia, lugha ya alama na lugha ya sauti katika onyesho moja. Sishangai kwamba waliomfungulia mlango ni viziwi.

Mwaka 2019 akacheza katika igizo la muziki la Oklahoma!, igizo la zamani, lilianza kuonyeshwa mwaka 1943. Mhusika wake anaitwa Ado Annie. Ado Annie ni msichana wa shamba mwenye wanaume wawili wanaomtaka, mchangamfu, mcheshi, moyo wake mwepesi, akibembelezwa kidogo hawezi kukataa. Katika maandishi hakuna mahali palipoandikwa kwamba ana ulemavu. Stroker alimchukua hivyo alivyo, akamwingiza jukwaani kwa magurudumu, akimzungusha, akimkimbiza, akitongoza na kutongozwa mbele ya watu. Igizo zima lilisonga mbele bila kusimama kueleza kwa nini msichana huyu amekaa.

Naona kuna wazazi wanaangaliana. Ndiyo, nimesema kutongozwa. Hebu niwaulize: ni lini mliona katika filamu zetu mwanamke kwenye kiti mwendo akipendwa, na mapenzi yale yasiwe ya huruma?

Nazipenda filamu za Kitanzania. Nimezitazama tangu enzi za maigizo ya televisheni, nimemlilia Steven Kanumba mwaka 2012 kama alivyolia kila mtu. Kwa hiyo nasema kama mtu wa nyumbani. Kiti mwendo kwenye filamu zetu kina kazi tatu hivi. Kinaingia mtu akirogwa. Kinaingia mtu akiadhibiwa kwa uovu wake. Au kinaingia ili mwishoni, kwenye maombi, mtu ainuke atembee na watazamaji wapige kelele. Na aliyekaa humo mara nyingi ni mwigizaji mzima wa miguu, kiti kimeazimwa, ukitazama mikono yake utaona hajui hata kushika gurudumu. Mtumiaji wa kweli analishika ule mduara wa nje, anausukuma kwa mvuto mrefu mmoja kisha anauachia. Huyu wa kuazima anachezeacheza tairi kama anayeokota kitu. Mtoto wangu wa pale mbele, anayekaa kwenye kiti chake tangu utotoni, akitazama filamu hiyo anajifunza kwamba yeye ni laana inayosubiri kuondolewa.

Mwaka ule wa 2019 Stroker alishinda Tony, tuzo kubwa kuliko zote za maigizo ya jukwaani huko Marekani. Wa kwanza anayetumia kiti mwendo kuteuliwa kuiwania, na wa kwanza kuishinda. Tarehe 9 Juni, ndani ya Radio City Music Hall, ukumbi wa maelfu ya watu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha video yake kwenye simu. Alipopokea alisema tuzo ile ni ya kila mtoto mwenye ulemavu, mwenye kikwazo, aliyekuwa anatazama usiku ule akisubiri kumwona mtu kama yeye mahali pale.

Nilifurahi, nikafuta machozi. Mjukuu akaniambia, "Babu, tazama tena alikotokea." Nikatazama tena. Washindi wengine, jina likitajwa, wanasimama kwenye viti vyao katikati ya watu, wanakumbatiana na majirani, wanatembea hadi jukwaani huku kamera zinawafuata. Yeye alitokea nyuma ya pazia. Alikuwa anasubiri huko, kwa sababu kutoka ukumbini kwenda jukwaani hapakuwa na njia ya magurudumu.

Usiku wa tuzo kubwa kuliko zote, katika jiji lenye fedha kuliko karibu majiji yote duniani, kulikuwa na ngazi.

Baadaye akizungumza na waandishi wa habari alieleza jambo ambalo tangu hapo halijanitoka kichwani. Alisema kumbi nyingi zimerekebishwa upande wa watazamaji, mtu wa kiti mwendo anaweza kuingia akatazama, lakini nyuma ya jukwaa hakuna aliyerekebisha. Nililala macho wazi siku hiyo. Nilitambua kwamba ule ukumbi wa kuazima, ule wenye feni na pazia, mlango wake wa mbele ulikuwa na njia ya mteremko. Ndiyo. Nilikuwa nimemsukuma binti yangu mwenyewe juu ya mteremko ule asubuhi, nikausifu. Waliojenga walimfikiria akija kutazama. Hawakumfikiria akija kutazamwa.

Na mimi mwalimu wake sikumfikiria pia, nami nilijua siku ya onyesho mwezi mzima kabla.

Kabla sijafika kwenye mambo ya hapa kwetu, nimtaje na mdogo wake Stroker kwa kazi, kwa sababu vijana wengi mmemwona kwenye simu zenu. Marissa Bode, aliyezaliwa mwaka 2000 katika jimbo la Wisconsin. Alianza kuigiza akiwa na miaka 8. Alipofika 11 akapata ajali ya gari, akaanza kutumia kiti mwendo, na akaendelea kuigiza. Akasomea kazi hiyo Los Angeles. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya Wicked, akiwa Nessarose, mdogo wake mhusika mkuu, yule mchawi mwenye ngozi ya kijani. Katika igizo la jukwaani lenye hadithi hiyo, lililopo tangu mwaka 2003, Nessarose ameandikwa tangu mwanzo kuwa mtu wa kiti mwendo. Lakini Bode ndiye wa kwanza kumcheza akiwa anakitumia kiti katika maisha yake. Miaka zaidi ya ishirini, jamani, kiti kipo kwenye hadithi na mwenye kiti hayupo.

Kuna jambo lingine kwenye kazi hiyo ambalo waandishi wa filamu mliopo hapa nawaomba mlichukue. Katika igizo la zamani, Nessarose anapewa viatu vya uchawi, anainuka, anatembea. Mnaikumbuka ile kazi ya tatu niliyoitaja? Ni ileile, hata kule ng'ambo. Sehemu ya pili ya filamu, iliyotoka mwaka 2025, iliibadilisha. Viatu vinamwinua hewani, anaelea. Uchawi umebaki, msisimko umebaki, ila hakuna tena habari ya kwamba mtu hakamiliki mpaka asimame. Badiliko la dakika chache tu kwenye filamu, lakini mwandishi anayejali anajua dakika hizo zinakaa na mtoto kwa muda gani.

Na filamu ya kwanza ilipokuwa inatazamwa dunia nzima, watu wakaanza kumfanyia Nessarose mzaha kuhusu kiti chake. Bode akarekodi video akawaambia kwa upole kwamba mhusika ni wa kubuni, lakini ulemavu si wa kubuni, na mzaha ule unamfikia mtu aliye hai. Alikuwa na miaka 24.

Sasa turudi Ugogo.

Mtu akiniambia kwamba msanii lazima asimame ndipo awe msanii, namuuliza kama yeye ni mgeni hapa. Mpiga ilimba huketi. Anaiweka mapajani, vidole gumba vinatembea juu ya vyuma, na watu waliosimama wanamzunguka yeye. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliyeibeba ilimba na zeze na sauti ya Kigogo mpaka Ulaya, nani alimwambia sanaa yake ina upungufu alipokuwa ameketi? Na muheme wa kina mama, ngoma inabanwa katikati ya mapaja. Kwenye kikundi hiki yupo binti anayepiga muheme akiwa kwenye kiti, ngoma imefungwa kwa mkanda mpana, mabega yake yanafanya kazi yote. Mtamsikia baadaye. Mama zetu wawili wa kutoka kijijini walipomwona kwenye mazoezi hawakusema pole. Walimkosoa pigo. Nilimwona alivyofurahi kukosolewa.

Sheria tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nchi yetu ikauridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba ule inasema mtu mwenye ulemavu apewe nafasi ya kukuza na kutumia kipaji chake cha ubunifu na sanaa, kwa faida yake na kwa kuitajirisha jamii yote. Hilo la pili hatulizungumzi. Tunasema tuwasaidie, kana kwamba wanaofaidika ni wao peke yao, wakati tuliokosa kumwona mama wa Mtunya siku ile ni sisi tuliokaa ukumbini.

Fedha kidogo nazo zipo mahali. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wengi wanaomba kwa ajili ya kuku, cherehani, genge. Vyema kabisa. Ila sijaona sababu kundi la vijana lisiombe kwa ajili ya kamera na taa, mradi mpango wao wa kulipa uwe umeandikwa sawasawa. Filamu nayo ni biashara.

Halafu niwaambie wazi kuhusu mji huu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, tukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na leo ukitoka hapa kwenda Mtumba huwezi kuhesabu kumbi, hoteli na ofisi zinazoinuka. Miji mingine inalazimika kubomoa. Sisi bado tunamwaga zege. Fundi akiwa bado na ramani mkononi, mteremko wa jukwaa ni mstari mmoja wa penseli. Akishamaliza, ni nyundo na gharama na kisingizio.

Nimekuja na hesabu, maana mwaka ule nilikosa hesabu zaidi ya nilivyokosa huruma. Kanuni ya mteremko ambao mtu anaweza kuupanda kwa mikono yake ni moja kwa kumi na mbili. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi zile tatu zilikuwa na sentimita 15 kila moja, jumla 45. Zidisha kwa 12 unapata 540. Deni langu, ndugu zangu, lina urefu wa mita 5 na sentimita 40 za mbao na plaiwudi. Fundi seremala mwenye kijana mmoja wa kumsaidia analimaliza haraka, na likitengenezwa vipande viwili linabebeka kwenye pikapu kwenda ukumbi wowote wa kuazima. Juu ya jukwaa kiti kinahitaji duara la mita 1 na nusu kugeuka, kwa hiyo anayepanga vifaa vya jukwaa asijaze masofa ya sebuleni mpaka ukutani.

Mazoezi nayo yana adabu yake. Asiyesikia maumivu makalioni hatajua kwamba amekaa muda mrefu mno, na kidonda cha mgandamizo kikianza kinaweza kumlaza miezi. Mwongozaji anayemjali msanii wake ampe nafasi ya kujinyanyua na kubadili mkao mara kwa mara, angalau kila nusu saa, bila kusubiri aombe. Na choo. Mniwie radhi kutaja choo mbele ya mgeni rasmi, ila najua mabinti wanaokunywa maji nusu kikombe kutwa nzima katika jua la Dodoma kwa sababu mlango wa choo cha ukumbini ni mwembamba kuliko kiti chao. Huwezi kuimba ukiwa na kiu namna hiyo. Pimeni milango. Sentimita 80 za upenyo, 90 ikiwezekana.

Wazazi, mmewaleta watoto hawa kwenye mazoezi kwa bajaji, kwa mgongo, mmoja namjua amemleta kwa baiskeli kutoka mbali akikitembeza kiti pembeni. Sina la kuwafundisha. Niliyekuwa na la kujifunza nimewaeleza.

Nilimwalika aje leo yule binti wa Majengo, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimpelekea ujumbe kwamba tunaigiza tena njaa ya Mtunya, lile igizo letu, maandishi yaleyale, yamenyooshwa kidogo tu. Nikamwomba aje akae mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Akanijibu kwamba siku ya leo wateja ni wengi, hawezi kufunga meza kwa ajili ya kukaa mstari wa mbele. Kisha akauliza kama nafasi ya yule mama imeshachukuliwa.

Mteremko mnaouona kushoto kwangu ulifungwa jana jioni. Una mita 5 na sentimita 40 kamili, niliupima mwenyewe mara mbili. Atapita katikati yenu kabla hajaupanda, kwa sababu ndivyo mama yule anavyoingia katika igizo, anatoka kwa majirani. Kwa hiyo nawaomba walioweka mabegi kwenye njia ya katikati wayavute miguuni mwao. Na kijana wa umeme, hiyo maikrofoni iliyo nyuma ya spika, itoe.